Hendi si mkono: mashuka matatu ya farasi yaliyonitia hasara

Shuka la kwanza liliishia kiunoni. Nilikuwa nimelitandika juu ya mgongo wa farasi mmoja wa kahawia, nikalivuta mbele mpaka vifungo vya kifuani vikakutana, kisha nikarudi hatua mbili nione kazi yangu. Makalio yote yalikuwa nje. Kaka mmoja wa Uvira, mtunza farasi wa pale, ndiye aliyekuwa amemshika hatamu. Aliangalia, akanyamaza, akaangalia tena.

"Dada," akasema, "huyu umemvalisha kizibao."

Tulicheka wote wawili. Yeye alicheka kwa sababu ilichekesha, mimi nilicheka kwa kukosa la kufanya. Ndani ya gari kulikuwa na mashuka mengine mawili niliyoyakata usiku uleule kwa hesabu ileile, na sikuwa na haja ya kuyajaribu ndipo nijue.

Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Ujiji, na huu ni mwaka wangu wa sita Lexington, jimbo la Kentucky, Marekani. Waswahili tupo wengi hapa, hasa ndugu zetu Wakongo. Ukisimama kwenye foleni ya duka la vyakula Jumamosi utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Kigoma na cha Bujumbura kabla hujafika kwa muuzaji. Na ukitoka nje ya mji kidogo, pande zote ni mashamba ya farasi: uzio wa mbao, majani yamekatwa vizuri kuliko ya bustani ya ikulu, na farasi wa mbio wanaothaminiwa kwa pesa ambazo mimi siwezi kuzisoma kwa pumzi moja. Kwa hiyo wengi wetu, hata sisi ambao hatujawahi kumgusa farasi maishani, mkate wetu unapitia kwao kwa njia moja au nyingine.

Njia yangu ilikuwa blanketi. Kumbe farasi wa huku huvaa. Wakati wa baridi huvalishwa blanketi nzito, wakati wa mvua shuka jepesi lisilopitisha maji, wakati wa nzi shuka la matundumatundu. Baridi ikiisha, blanketi zote zinavuliwa na kupelekwa kufuliwa na kushonwa palipochanika. Nilipata kazi kwenye karakana moja ya namna hiyo. Sitaipamba: zinakuja zimeganda matope, manyoya yameingia kwenye kila mshono, na harufu ya mkojo wa farasi hukaa kwenye nywele zako hadi Jumapili. Lakini kushona nilikuwa najua, na cherehani ni cherehani. Baada ya mwaka mmoja nikaona kwa nini niishie kubandika viraka kwenye kazi za wengine wakati naweza kushona yangu kuanzia mwanzo. Hapo ndipo hadithi inapoanza.

Lazima kwanza nirudi nyuma, kwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa na duka la vitambaa Ujiji. Ukingoni mwa meza yake kulikuwa na misumari miwili ya shaba, na kati ya msumari na msumari ni yadi moja, ambayo yeye hadi leo anaiita wari. Kitambaa kilivutwa msumari hadi msumari, "moja," "mbili," na mkasi ukafuata. Akiwa mbali na meza alipima kutoka puani hadi ncha za vidole, mkono umenyooka, uso umegeuzwa pembeni, na nikikirudia kipimo chake kwa futi ya fundi nilikuta hajakosea zaidi ya inchi moja. Vitu vingine, kama kamba na ukindu, alivipima kwa mkono wa zamani: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono miwili ni wari. Mikono minne ni pima. Nusu ya mkono ni shibiri, yaani kiganja kikiwa kimetanuliwa, kidole gumba hadi kidole cha mwisho. Na kulikuwa na mkono wa hila, mkono konde, unaopimwa huku umefumba ngumi, kwa hiyo ni mfupi. Shangazi alisimulia kuwa bibi akienda kununua kamba alimchukua kijana wa jirani mwenye mikono mirefu kama ya nyani, na kabla muuzaji hajaanza kupima aliuliza swali moja: "Mkono wa nani?"

Kwetu Ujiji hayo hayakuwa mambo ya kuchezea. Wakati wa misafara, nguo ndiyo ilikuwa fedha. Pamba isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts, ikaitwa merikani mpaka leo, ilipita pale kwetu ikihesabiwa kwa mikono: shuka moja ni mikono minne, doti moja ni mikono minane, na gora zima ni yadi kama 30. Nasimulia hili kwa sababu nilifika Marekani nikijiona mtu wa vipimo. Nilinyonya yadi pamoja na maziwa. Wenzangu waliozoea mita walikuwa wanahangaika na inchi na futi, mimi nikiwacheka kimoyomoyo.

Wiki ya kwanza pale karakana, mama mmoja mwenye farasi alikuja kuchukua blanketi. Katika maongezi akasema farasi wake ana "hands" kumi na sita. Nikalitafsiri neno lile kichwani papo hapo: mikono kumi na sita. Mikono miwili ni yadi, kwa hiyo yadi nane. Zaidi ya mita saba! Twiga hafiki hapo. Nikamtazama yule mama kwa heshima mpya, nikidhani labda nimesikia vibaya. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyeniambia kuwa farasi hapimwi kwa mkono wa kiwiko. Anapimwa kwa upana wa kiganja pamoja na kidole gumba, na kipimo hicho ni inchi 4 kamili. Waingereza walikifunga kisheria katika karne ya 16, enzi za Mfalme Henry VIII, na mpaka leo Wamarekani na Waingereza hawataki kukiacha, ingawa nchi nyingi za Ulaya humpima farasi kwa sentimita.

Tangu siku hiyo mimi naiita hendi. Sisemi "mkono" kabisa ninapozungumzia farasi, hata na wenzangu Wakongo wa mabandani, maana mkono wetu ni inchi 18 na hendi yao ni inchi 4. Mkono mmoja ni hendi nne na nusu. Kama unafanya kazi huku na unaongea na watu wa nyumbani, tenganisha maneno haya mawili mapema.

Baada ya hapo nilijiona nimemaliza. Yadi ni inchi 36, hendi ni inchi 4, kwa hiyo yadi moja ni hendi 9. Kutoka yadi kwenda hendi unazidisha kwa 9, kutoka hendi kwenda yadi unagawanya kwa 9. Kuna nini cha kukosea?

Kuna mengi.

Oda yangu ya kwanza binafsi niliipata kupitia yule kaka wa Uvira. Bosi wake alitaka mashuka matatu ya mvua, rangi ya kijani kibichi, bei tukakubaliana dola 110 kwa kila moja. Nikamwambia kaka anitumie vipimo. Akanitumia ujumbe kwenye simu, namba tatu tu: 15.3, 16.1, 14.3. Nikajua ni hendi. Nilifurahi sana kwamba nimejua.

Nikakaa mezani usiku na kikokotoo cha simu. Nilikuwa nimeona kwamba mwili wa farasi, ukimtazama ubavuni, unafanana na mraba: urefu wa kwenda juu na wa kwenda nyuma unakaribiana. Basi nikasema kimo chake nitakitumia kama urefu wa shuka. Nikajumlisha: 15.3 na 16.1 na 14.3, jumla 45.7. Kitambaa changu kilikuwa na upana wa inchi 60, ambao hautoshi kushuka mbavu zote mbili, kwa hiyo kila shuka linataka vipande viwili vinavyoungwa mgongoni. Zidisha kwa mbili: 91.4. Gawanya kwa 9: yadi 10.16. Ongeza pindo. Nikanunua yadi 11 za nailoni isiyopitisha maji, dola 14 kwa yadi, jumla dola 154. Vifungo, kamba na uzi dola 46. Nikakata usiku uleule kwa sababu nilikuwa na hamu, na hamu ni mshauri mbaya wa mkasi.

Katika hesabu ile kulikuwa na makosa mawili, na la kwanza, lile dogo, ndilo linalowapata watu wengi. Ile nukta kwenye 15.3 si nukta ya desimali. Inatenganisha hendi na inchi. Maana yake ni hendi 15 na inchi 3. Ni kama mtu anayesema futi tano na inchi tatu, akaandika 5.3 kwa uvivu. Kwa kuwa hendi ina inchi 4 tu, baada ya nukta huwezi kukuta namba zaidi ya 3. Kuna 15, 15.1, 15.2, 15.3, halafu unarukia 16. Hakuna 15.4 duniani. Na watu wa farasi hawatamki nukta yenyewe, husema "kumi na tano, tatu," kama vile ni anwani ya nyumba.

Kwa hiyo farasi wangu wa 15.3 alikuwa na inchi 60 na 3, yaani 63. Kikokotoo kilimfanya kuwa 61.2. Wa 16.1 alikuwa 65, mimi nikamkata 64.4. Wa 14.3 alikuwa 59, nikamfanya 57.2. Jumla halisi ya vimo vile ni inchi 187, si 182.8. Ukitaka kuziandika kwa lugha yao, unajumlisha kama unavyojumlisha saa na dakika: hendi 45, halafu inchi 3 na 1 na 3 ni 7, ambazo ni hendi moja na inchi 3, jibu 46.3. Angalia lilivyo mbali na 45.7 yangu.

Kilichoniuma baadaye ni kwamba hesabu yangu haikunionya popote. Nilikuwa nimekosea kwa utaratibu, kila mstari ukikubaliana na mwenzake, na kitambaa kilitosha bila kupungua hata sentimita. Ningepungukiwa mezani ningeshtuka.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza mara kumi, na sina wa kumlaumu. Hendi ni kimo: kutoka chini hadi kile kinundu cha juu ya mabega, pale shingo inapoishia na mgongo kuanza. Haikuambii kitu kuhusu urefu wa nguo. Shuka la farasi linapimwa kuanzia katikati ya kifua, ukizunguka bega, ukipita ubavuni, mpaka ukingo wa mkia, na linasemwa kwa inchi. Farasi wa hendi 16 mara nyingi huvaa inchi 78 hivi, wakati kimo chake ni 64. Namba hizo, 76, 78, 81, nilikuwa nazifua kila siku! Zimeandikwa kwenye lebo ya kila blanketi lililopita mikononi mwangu kwa mwaka mzima. Nilidhani ni saizi tu, kama saizi ya kiatu, namba isiyo na maana nje ya kiwanda. Sikuwahi kuchukua futi yangu shingoni nikaiweka juu ya blanketi moja nione 78 ni nini. Futi ilikuwa inaning'inia hapohapo.

Turudi bandani. Kizibao kilipovuliwa, kaka wa Uvira akaniambia, "Ngoja tumpime mwenyewe." Nami nilikuwa naogopa farasi. Nimesema kazi yangu ni blanketi. Farasi wenyewe nilikuwa nawaona kwa mbali kupitia uzio. Akanifundisha nisimame karibu na bega, niongee naye kwa sauti ya chini, nisipite nyuma yake kimyakimya, na mkono mmoja uwe juu ya mwili wake ili ajue nipo. Mikono yangu ilitetemeka hadi futi ikawa inapiga piga. Kifua hadi mkia: inchi 77. Shuka langu lilikuwa 61. Pungufu ya inchi 16, karibu mkono mzima. Kwa hakika ni mkono konde. Nilifikiria kamba za bibi nikataka kulia.

Wa 16.1 alitaka inchi 80. Yule mdogo alitaka 72 kamili, ambayo ni yadi mbili, ambayo ni mikono minne, ambayo ndiyo hasa shuka ya merikani ya babu zetu. Hilo nililigundua nikiwa njiani kurudi nyumbani, nikiendesha gari huku machozi yamenijaa, na lilinifanya nicheke peke yangu kwenye taa nyekundu.

Pesa nitazisema wazi maana nilitamani mtu angenisemea mimi kabla. Kitambaa cha pili: inchi 77 na 80 na 72 ni 229, mara mbili 458, pindo inchi 4 kwa kila kipande kwa vipande sita, jumla 482, ukigawanya kwa 36 ni yadi 13.4. Nikanunua 13 na nusu, dola 189. Vifungo na kamba nilivifumua nikavitumia tena. Matumizi yote: 154, 46 na 189, yaani dola 389. Nililipwa 330. Nimetoa mfukoni dola 59 ili niruhusiwe kushona usiku sita. Bosi wa kaka alingoja wiki mbili zaidi na hakusema neno, isipokuwa mvua ilinyesha siku nne katika wiki hizo, na kila iliponyesha nilijiona mkosaji.

Lile shuka la inchi 61 sikulitupa. Poni, yaani farasi wa umbo dogo, wa hendi 12 huvaa karibu na hapo, na familia moja yenye poni wa watoto ililichukua kwa dola 40 nilipopunguza mbavu. Mengine mawili yamekuwa mifuko ya kubebea nyasi kavu.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo nimekoma. Miezi miwili baadaye nilitumwa kwenye shamba jingine, na kwa kuwa sasa nilikuwa jasiri nikampima farasi mwenyewe, kimo na urefu. Kimo kikaja inchi 62 na nusu. Nikagawanya kwa 4, kikokotoo kikasema 15.625, nikaandika kwenye karatasi 15.6. Msimamizi wa banda, mzee mmoja mpole, alivaa miwani, akasoma, akaenda kuwaita wenzake waje kusoma. Kumi na tano, sita! Nilikuwa nimeandika kitu kama saa tatu na dakika themanini. Ilitakiwa 15.2½, yaani hendi 15, inchi 2 na nusu.

Basi kosa lile lina mlango wa mbele na wa nyuma. Ukiingia na hendi, usiruhusu nukta yao iguse kikokotoo. Namba ya kabla ya nukta izidishe kwa 4, ya baada ya nukta ijumlishe, umepata inchi. Sasa gawanya kwa 36 upate yadi. 16.2 ni 64 na 2, ni 66, ni yadi 1.83. (Hicho ndicho kimo kinachotajwa cha Secretariat, farasi aliyeshinda mataji matatu mwaka 1973, kaburi lake liko Paris. Paris ya Kentucky, si mbali na kwangu.) Ukitoka kwenye yadi kwenda hendi, zidisha kwa 9, lakini kile kilichobaki baada ya nukta kizidishe tena kwa 4 kabla hujakiandika. Yadi 1.75 mara 9 ni 15.75, chukua 0.75 mara 4, ni inchi 3, andika 15.3. Namba 15.75 na 15.3 ni farasi mmoja. Nilipolielewa hilo nililiandika kwa kalamu ya wino mzito ukutani juu ya cherehani, na mpangaji atakayekuja baada yangu atashangaa.

Mimi sasa hata kikokotoo nimekipunguza. Nilichukua fimbo ya mbao ya yadi, ile wanayouza kwenye maduka ya vitambaa, nikaipiga mistari kila inchi 4. Inatoshea mistari tisa bila salio. Nikaunganisha mbili kwa boriti ndogo, nikapata fimbo ya yadi mbili yenye hendi 18, na hiyo ni pima ya shangazi. Farasi karibu wote nitakaokutana nao wanaishia ndani ya pima hiyo. Wa mbio wengi wako kati ya 15.2 na 17. Wapo wale wakubwa wa kukokota wanaoipita. Aliyekuwa maarufu kuliko wote, Big Jake wa Wisconsin, alipimwa inchi 82.75, yaani hendi 20 na inchi 2.75. Huyo angenidai yadi mbili na inchi 10.75 kwenda juu tu, sijui shuka lake lilishonwa na nani, namwonea huruma.

Kuhusu kupima kimo chenyewe, niliyojifunza kwa kukosea: sakafu iwe tambarare, si kwenye majani, maana kwato zinazama na unapoteza inchi bila kujua. Farasi asimame sawa kwa miguu minne, kichwa kisiwe chini akila wala kisiwe juu ameshtuka. Fimbo isimame wima kabisa, na juu ya kinundu weka kipande cha mbao kilicholala sawasawa ndipo usome. Uliza kama amevaa vyuma kwato, kwa sababu vinaongeza kidogo, na kidogo huwa kikubwa kwenye mashindano. Huku farasi wa 14.2 kushuka chini anahesabiwa poni, akizidi hapo ni farasi, anashindana na wengine kabisa. Yule mdogo wangu wa 14.3 alikuwa juu ya mpaka kwa inchi moja. Nilipomwambia mwenye farasi kwamba awali nilidhani ana inchi 57.2 alikasirika kuliko alivyokasirikia shuka fupi: nilikuwa nimemfanya poni!

Na mteja akikutumia namba tupu kwenye simu, usianze. Mpigie. Muulize: hii ni kimo au ni urefu? Imepimwa lini, na nani, kwa futi au kwa macho? Kaka wa Uvira alikuja kuniambia kwamba zile namba tatu alizinakili kwenye vibao vya milangoni mwa vyumba vya farasi. Mimi niliuliza vipimo, yeye akanipa vipimo. Hatukuwa tumekosana, tulikuwa tumeelewana vibaya, na hilo huwa gumu zaidi kulirekebisha kwa sababu hakuna anayejua kwamba kuna jambo la kurekebisha. Siku hizi simpelekei mtu bei kabla sijaona picha ya futi ikiwa imelazwa juu ya ubavu wa mnyama, au kabla sijaenda mwenyewe.

Kijana wangu, ambaye yuko darasa la sita na anapenda kunichokoza, aliniuliza mbio za Kentucky Derby ni hendi ngapi. Tukakaa tukahesabu. Maili moja na robo ni yadi 2,200, mara 9 ni hendi 19,800. Akaenda nalo shuleni, mwalimu wake akalipenda, na kwa wiki nzima nyumbani kila kitu kilipimwa kwa hendi: friji hendi 17, mdogo wake hendi 11.2, umbali wa kwenda kutupa takataka ni mwingi mno.

Mwezi uliopita nilimpigia shangazi simu ya video nikiwa bandani. Sasa siogopi tena. Nilisimama kando ya yule wa kahawia, aliyevaa shuka lake la inchi 77, limeshuka vizuri mpaka mkiani. Shangazi amezeeka, duka ameshamwachia binti yake, lakini ile meza yenye misumari aligoma isiuzwe. Alimkodolea macho farasi kwa muda.

"Mkubwa huyo," akasema. "Ana kimo gani?"

Nikaanza kumwambia hendi kumi na tano na inchi tatu, nikajikatisha mwenyewe. Inchi 63. Nikagawanya kwa 18 kichwani, ikatoka sawasawa.

"Mikono mitatu na nusu, shangazi."

Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasogeza uso karibu na simu.

"Mkono wa nani?"